MAMBO YA ELIMU: Kijana, Lugha ya Pili na Kusimama Mbele ya Watu

Juma hili napenda tulitazame jambo ambalo wazazi wengi hulilalamikia, lakini ni wachache wanaokaa chini na kulifikiri. Mzazi ameuza maziwa na kahawa, amelipa karo ya miaka minne, na mtoto amerudi nyumbani na cheti kizuri. Katika cheti hicho Kiingereza ni safi, na Kiswahili pia ni safi. Lakini siku kijana huyu anapoitwa mbele ya waajiri, au anapoombwa na wazee asome na kueleza barua katika mkutano wa chama cha ushirika, hutazama chini, husema maneno matatu kwa sauti ya chini, kisha hunyamaza. Mzazi hujiuliza, “Je, fedha zangu zilikwenda wapi?”

Hapana shaka kwamba kijana huyo ana elimu. Anazijua kanuni za sarufi, na ukimpa kalamu ataandika insha ya kurasa mbili. Alilolikosa ni jingine. Kuijua lugha ni jambo moja, na kusimama na kuitumia lugha hiyo mbele ya watu ni jambo la pili. Jambo hili la pili halimjii mtu kwa kuwa ameshinda mtihani. Hufundishwa, huzoewa na hukua pole pole, kama vile mkahawa unavyokaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa.

Tukumbuke vile vile kwamba kwa watoto wetu wengi wa bara mzigo huu ni mara mbili. Mtoto huanza na lugha ya mama yake, akiwa Mkamba, Mjaluo, Mkikuyu, Mluhya au Mkalenjin. Kiswahili humjia kama lugha ya pili, na Kiingereza humjia kama ya tatu. Katiba yetu ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na imezifanya lugha zote mbili, Kiswahili na Kiingereza, kuwa lugha rasmi. Kwa hiyo raia asiyeweza kusema kwa lugha hata moja ya hizo mbili atalazimika kusemewa na mtu mwingine, na mtu anayesemewa mara nyingi hupata kile alichoombewa, wala si kile alichokitaka.

Twaweza kuuliza, shule zimefanya nini? Katika mtihani wa kidato cha nne wa mfumo wa 8-4-4, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina alama 60, na 30 kati ya hizo ni za stadi za kusema. Lakini stadi hizo hupimwa kwa kalamu. Mwanafunzi huandika jinsi ambavyo angesimama, jinsi ambavyo angepaza sauti, na mahali ambapo angetua. Mtahini hasikii sauti yake hata kidogo. Ni kama kumpima mkulima kwa kumwambia aandike jinsi ya kulima, wala asionyeshe shamba. Mtaala wa umilisi, ambao wengi huuita CBC, na ambao ulianza kutumiwa katika madarasa ya chini nchini kote mwaka 2019, umeyataja mawasiliano kuwa mojawapo ya umilisi saba ambao kila mtoto hana budi kuupata. Hiyo ni hatua njema. Lakini mtaala ni karatasi, na karatasi haisemi. Mwalimu na mzazi ndio watakaoitia sauti.

Sasa basi, ili tusizungumze kwa mambo ya juu juu tu, na tumtazame mtu mmoja ambaye safari yake katika jambo hili inajulikana sana, kwa kuwa aliieleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake. Mtu huyo ni Mohandas Gandhi wa Bara Hindi. Wengi wetu twamjua kama kiongozi aliyesimama mbele ya maelfu ya watu. Ni wachache wanaojua kwamba alipokuwa mwanafunzi hakuweza kusimama mbele ya watu ishirini.

Lugha ya mama yake ilikuwa Kigujarati. Kiingereza alikipata shuleni, na masomo yalipoanza kufundishwa kwa lugha hiyo yalimlemea. Mwezi wa Septemba 1888, akiwa kijana wa miaka 18, alipanda meli kwenda Uingereza kusomea sheria. Melini abiria walipomsemesha kwa Kiingereza hakuwafahamu upesi, na hata alipowafahamu hakuweza kuwajibu. Alikuwa hana budi kuipanga kila sentensi moyoni kabla ya kuitoa mdomoni. Kwa aibu alikaa chumbani mwake, akala chakula alichokuja nacho, kuliko kwenda mezani penye watu. Je, ni watoto wangapi wetu wanaofanya vivyo hivyo siku ya kwanza katika shule ya bweni?

Alipofika London alifanya mambo mawili ambayo yafaa tuyapime. La kwanza, alimwendea mwalimu wa usemaji, akalipa ada, akanunua kitabu kilichosifiwa, akaanza kukariri hotuba ya mwanasiasa mmoja mkubwa wa Kiingereza. Baada ya masomo mawili matatu aliacha, kwa maana aliona kwamba kujivika maneno ya mtu mwingine hakumfai kitu. La pili, alianza kusoma magazeti. Nyumbani hakuwa na desturi hiyo, lakini London alisoma magazeti matatu kila siku, muda usiozidi saa moja. Kwa njia hiyo akaipata lugha kama inavyotumiwa na watu wenyewe katika mambo ya kila siku.

Hata hivyo woga haukumwacha. Alichaguliwa kuwa mjumbe wa halmashauri ya chama cha watu wasiokula nyama, akawa anahudhuria mikutano bila kusema neno. Siku moja aliandika mawazo yake, lakini hakuthubutu hata kuyasoma, ikabidi mtu mwingine amsomee. Katika mji wa Ventnor alisimama na karatasi mkononi, macho yakamtia kiwi na mwili ukatetemeka, na mwenziwe akamalizia kazi. Mwaka 1891, alipokuwa karibu kurudi kwao, aliwaalika rafiki zake katika hoteli moja ya London ili awaage. Alikuwa ametayarisha maneno ya kuwachekesha. Akatamka sentensi ya kwanza, na ya pili ikampotea. Akawashukuru na kuketi.

Watu wengi wangesema, “Huyu hatafaa kuwa mwanasheria.” Na kwa muda ilionekana hivyo. Aliporudi Bombay alipewa kesi ndogo. Akasimama ili amhoji shahidi, kichwa kikazunguka, asione hata swali moja la kuuliza. Akaketi, akamwambia mwenye kesi atafute wakili mwingine.

Badiliko lilikuja mwaka 1893 katika mji wa Pretoria, Afrika ya Kusini, alikokwenda kufanya kazi ya kampuni moja ya biashara. Aliwaona Wahindi wenzake wakionewa njiani, katika magari ya moshi na katika biashara zao. Akawaita katika mkutano, akasimama, akasema nao juu ya ukweli katika biashara, usafi, na haja ya kuungana. Hiyo ilikuwa hotuba ya kwanza ya maisha yake, na haikumshinda. Kwa nini? Kwa sababu safari hii alikuwa na neno la kusema. Alilijua vizuri, lilimwuma, na waliomsikiliza walilihitaji. Huko London alikuwa akijitazama mwenyewe alivyosimama. Pretoria alilitazama jambo lenyewe.

Lakini kuna sehemu nyingine ya habari hii ambayo napenda zaidi makarani na wakulima waiweke moyoni. Katika mkutano ule aliona kwamba Wahindi wengi walipata taabu kwa kutojua Kiingereza, akajitolea kumfundisha yeyote atakaye. Walijitokeza watatu: kinyozi, karani na mwenye duka dogo. Hakuwaita kwake, bali aliwafuata makazini mwao. Mara nyingine alimkuta kinyozi ana wateja, akangoja. Baada ya muda wa miezi minane hivi, wawili kati yao waliweza kuweka hesabu na kuandika barua za biashara kwa Kiingereza. Kinyozi yeye alitosheka na maneno ya kuwahudumia wateja wake. Tazameni hekima iliyomo: kila mmoja alijifunza lugha kwa kadiri ya kazi yake, wala hakuna aliyechekwa kwa kujua kidogo.

Mwaka uliofuata, 1894, alisaidia kuanzisha chama cha Wahindi wa Natal. Wanachama hawakuzoea kusimama mkutanoni, na kila mtu alisitasita. Akawaeleza taratibu za mkutano, na kidogo kidogo watu ambao hawakuwahi kusema mbele ya hadhara wakajizoeza kufikiri na kusema. Yule mwanafunzi bubu wa London sasa alikuwa mwalimu wa wasemaji. Mwaka 1931, miaka 40 baada ya karamu ile iliyomshinda, alirudi katika mji ule ule wa London kama mjumbe wa chama cha Congress, akazungumza kwa Kiingereza mbele ya wakubwa wa serikali ya Uingereza. Na yeye mwenyewe alikiri kwamba haya haikumtoka kabisa, bali ilimfundisha kupima maneno na kutosema upuzi.

Basi, sisi tutapata faida gani katika habari hii? Naona mambo manne.

Kwanza, tumpe mtoto jambo la kusema kabla ya kumdai maneno. Kijana aliyefuga kuku na kuona wengine wakifa atalieleza jambo hilo vizuri kuliko kukariri hotuba juu ya mambo asiyoyajua. Ndiyo maana katika mashindano ya sayansi ya shule zetu mwanafunzi hupewa alama pia kwa kueleza kazi yake kwa mdomo mbele ya waamuzi: anaulizwa juu ya kitu alichokitengeneza kwa mikono yake, naye hujibu kwa kuwa anakijua.

Pili, tusiwacheke watu kwa matamshi yao. Ni kweli kwamba matamshi yana maana. Atakaye kusema “kura” akasema “kula” katika mkutano wa chama, huenda wanachama wakadhani wanaitwa chakulani badala ya kuitwa kuchagua halmashauri. Kosa kama hilo lisahihishwe kwa upole, tena faraghani. Mtoto akichekwa mara moja mbele ya darasa, huenda asiinue mkono tena mwaka mzima. Na ile desturi ya zamani ya kumvika mtoto kibao shingoni kwa kuwa amesema lugha ya mama yake haikumfundisha mtu yeyote Kiingereza. Iliwafundisha wengi kunyamaza.

Tatu, mazoezi yawe madogo na ya mara kwa mara. Haba na haba hujaza kibaba. Mwalimu na awape wanafunzi wawili dakika tatu tatu kila asubuhi, mmoja aeleze habari na mwingine amwulize maswali. Msemaji na aandike vidokezo vitano tu katika kikaratasi, wala asiandike hotuba nzima, kwa maana anayesoma neno kwa neno huinamisha macho na sauti huishia kifuani. Na atue mwisho wa kila jambo, ili yeye apate pumzi na wasikilizaji wapate kufahamu. Asiyeijua lugha sana na atumie sentensi fupi. Sentensi fupi iliyo sahihi ina nguvu kuliko ndefu iliyovunjika katikati.

Nne, wazazi wasidhani kwamba hawana sehemu yao. Baba au mama asiyejua Kiingereza aweza kumwambia mtoto, “Nisomee ukurasa huu wa gazeti kwa sauti, kisha unieleze kwa lugha yetu maana yake.” Kazi hiyo ni ngumu kuliko insha, kwa kuwa mtu hawezi kuifasiri habari asiyoifahamu. Mtoto akiona mzazi wake anasikiliza kwa makini na kuuliza, atajifunza kwamba maneno yake yana thamani. Vyama vya ushirika navyo vyaweza kuwapa vijana nafasi ya kusoma kumbukumbu za mkutano uliopita, wazee wakiwapo. Hilo halina gharama yoyote.

Sisi makarani twaiona hasara ya ukimya kila siku. Mtu ana haki yake kabisa, iwe ni malipo yaliyochelewa au mpaka wa shamba uliosogezwa, lakini huondoka dirishani bila kuulizwa vizuri kwa kuwa hakuweza kueleza vizuri. Mwingine mwenye haki ndogo zaidi huja na maneno yaliyopangwa, akasikilizwa. Hilo si haki, lakini ndivyo dunia ilivyo, na dawa yake imo mikononi mwetu.

Wasomaji walio walimu, au wazazi waliojaribu njia yoyote ya kuwazoeza vijana kusema, watatusaidia wakituandikia kwa ufupi waliyoyaona, yaliyofaulu na yasiyofaulu. Na kijana anayesoma ukurasa huu peke yake, asiseme, “Mimi sikuzaliwa na ulimi.” Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Aanze leo jioni, kwa habari moja, mbele ya mtu mmoja.