Usichague rangi ya nyumba kwa macho pekee

Krismasi ikikaribia, mafundi wa rangi katika miji ya Nyeri, Karatina na Nanyuki huwa hawapumziki. Kila mwenye nyumba hutaka kuta zing'ae kabla ya wageni kufika. Dukani huulizwa swali moja tu: "Unataka rangi gani?" Naye hujibu krimu, nyeupe au samawati. Kwa maoni yangu, hilo lafaa kuwa swali la mwisho, hasa iwapo unaishi katika nyumba ya zamani.

Swali la kwanza ni hili: chini ya hiyo rangi mna nini?

Nyumba kuukuu za mawe na mbao zimepakwa rangi tabaka juu ya tabaka. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi ili zikauke upesi na kudumu. Hatari yake ilijulikana mapema. Mwaka wa 1921, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo mengi. Marekani ilipiga marufuku rangi za risasi majumbani mwaka wa 1978. Hapa kwetu, kiwango kinachoruhusiwa sasa hakizidi sehemu 90 katika milioni moja. Lakini sheria ya leo haiwezi kuondoa kilichopakwa ukutani na babu zetu.

Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Mtoto haugui papo hapo. Huenda ukaona tu kwamba masomo yanamshinda, usijue sababu.

Miaka michache iliyopita nilimkuta fundi akikwangua dirisha la nyumba niliyopanga kwa msasa mkavu, huku mwanangu akicheza sakafuni papo hapo. Vumbi lilikuwa limemjaa mikononi. Simlaumu fundi, mimi ndiye niliyemhimiza amalize haraka.

Kwa hivyo, msomaji, ikiwa rangi ya zamani imeshika vizuri, usiikwangue. Ipake nyingine juu yake. Ikiwa inabambuka, ilowanishe kwanza kwa maji, kisha ikwanguliwe ikiwa majimaji. Usikubali ichomwe kwa moto. Watoto na mama wajawazito wakae kwingine hadi kazi iishe na sakafu ipigwe deki. Ukiwa na shaka kuhusu mtoto wako, muulize daktari juu ya kupima risasi katika damu.

Swali la pili ni unyevu. Baridi ya huku kwetu hutufanya tufunge madirisha tangu jioni. Mvuke wa sufuria na pumzi za watu hugeuka maji kwenye ukuta baridi, na baada ya muda kuvu jeusi huota pembeni, nyuma ya kabati na kitanda. Mwenye pumu hukohoa usiku kucha. Wengi huficha kuvu hilo kwa rangi ya mafuta, ati kwa kuwa inafutika kwa urahisi. Hiyo ni kazi bure. Unyevu ulionaswa ndani huibambua rangi, na kuvu hurudi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ziba bati linalovuja, rekebisha mfereji wa paa, sugua kuvu kwa maji na sabuni, acha ukuta ukauke, ndipo upake.

Katika vyumba vya kulala, mimi ningechagua rangi ya maji. Harufu yake ni kidogo, nayo huuacha ukuta upumue. Rangi ya mafuta huchanganywa na thina, ambayo mvuke wake huleta kizunguzungu na kuumwa na kichwa. Ukilazimika kuitumia, fungua madirisha na usilale humo hadi harufu iishe.

Mwisho ni wakati. Desemba kuta bado zimelowa mvua za vuli, na usiku hakuna anayethubutu kufungua dirisha. Januari na Februari ndiyo miezi mikavu. Najua Januari ni mwezi wa karo, na mfuko huwa mtupu. Basi weka akiba yako ya Desemba hadi Februari. Mgeni wa Krismasi hukaa siku mbili akaenda zake. Mtoto wako atavuta hewa ya chumba hicho mwaka mzima.