Kiwanja Kimoja, Jumamosi Mbili

Rede haina gharama. Mpira wake ni soksi kuukuu iliyoshindiliwa matambara na mifuko ya nailoni, ikafungwa kwa uzi mpaka ikawa ngumu kiasi cha kuuma ikimpata mtu mgongoni. Chupa tupu ya maji husimamishwa katikati ya uwanja, kando yake rundo la mchanga. Wawili husimama, mmoja huku na mwingine kule, kazi yao kurusha. Aliye katikati anatakiwa aijaze chupa mchanga hadi mdomoni, kisha aumwage, bila mpira kumgusa. Anainama, anachota kwa kiganja, anasikia mguu wa mrushaji ukikanyaga nyuma yake, anaruka kando, anageuka, anarudi kuinama. Dakika tatu hazijaisha, jasho linamtiririka na pumzi zimempanda. Akiambiwa kwamba amefanya mazoezi, atashangaa. Yeye alikuwa anacheza.

Mshangao huo ndio unaostahili kusikilizwa. Wako Watanzania wengi, hasa wakazi wa mijini, wanaosema waziwazi kwamba mazoezi hawayapendi. Huitwa wavivu, nao wenyewe hujiita hivyo. Lakini wengi wana sababu, na sababu ya kwanza ilianzia shuleni. Mwanafunzi aliyechelewa namba aliruka kichurachura. Aliyepiga kelele darasani alizungushwa uwanja mara kumi. Aliyesahau fagio alipiga pushapu mbele ya mstari, wenzake wakimhesabia. Kwa miaka saba ya msingi na minne ya sekondari, mwili ulifundishwa kwamba kukimbia ni adhabu na kutoka jasho mbele za watu ni aibu. Mtu aliyefundishwa hivyo akifika miaka 40 na daktari akamwambia afanye mazoezi, anachosikia ni ile sauti ya mwalimu wa zamu.

Na bado shule hizohizo zilikuwa na mchakamchaka. Asubuhi kabla jua halijapanda, darasa la kwanza hadi la saba, mistari miwili miwili, mmoja anaanzisha wimbo na wengine wanaitikia, miguu ikipiga chini kwa pamoja. Watu wazima wasioweza kukimbia hata hatua hamsini leo wanaukumbuka mchakamchaka kwa tabasamu. Miguu ilikuwa ileile iliyozungushwa uwanja kwa kuchelewa namba. Tofauti ni kwamba asubuhi ile palikuwa na wimbo, palikuwa na wenzao, na hakuna aliyetengwa peke yake akitazamwa.

Ukubwani vikwazo huongezeka. Ada ya jimu kwa mwezi ni fedha ambayo familia nyingi hulipia umeme, maji na nauli. Raba nzuri zina bei. Mama wa miaka 45 akionekana anakimbia barabarani huulizwa anakimbilia wapi, au anashindana na nani. Aliyetoka kazini saa kumi na mbili jioni, akasimama kwenye daladala kutoka Posta hadi Mbagala, anafika nyumbani giza limeshaingia na chakula hakijapikwa. Kumwambia mtu huyu kwamba tatizo lake ni kukosa nia ni kumwonea.

Hata hivyo maradhi hayasubiri mtu apate nafasi. Uchunguzi wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulikuta takribani mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha, na takribani mmoja kati ya kumi na mmoja ana kisukari. Duniani kote, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu wazima bilioni 1.8, yaani asilimia 31, hawakufikisha kiwango cha kujishughulisha kinachopendekezwa. Kiwango chenyewe ni dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, kama kutembea haraka kiasi cha kuweza kuongea lakini kushindwa kuimba. Kwa siku ni kama dakika 22.

Habari njema, ambayo haijawafikia watu wa kutosha, ni kwamba dakika hizo hazihitaji jimu wala hazihitaji kukaa pamoja. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2020 uliondoa sharti la zamani lililotaka mwendo uhesabiwe pale tu unapofika dakika 10 mfululizo. Sasa kila kipande kina hesabu yake.

Ushahidi wa jambo hili ni wa siku nyingi, na ulianzia ndani ya basi. Daktari Jerry Morris wa Uingereza alilinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London. Walishinda ndani ya gari moja, wakivuta hewa ileile. Dereva alikaa kutwa nzima. Kondakta alipanda vidato vya ngazi kati ya 500 na 750 kwa siku, akikata tiketi juu na chini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1953 yalionyesha kwamba makondakta waliugua moyo kwa kiwango cha chini kuliko madereva, na walioshikwa na ugonjwa huo hawakufa ghafla kwa wingi kama wenzao. Kondakta hakuwa anafanya mazoezi. Alikuwa kazini. Morris mwenyewe aliishi hadi miaka 99.

Karibu miaka 70 baadaye, mwaka 2022, jarida la Nature Medicine lilitoa utafiti unaowahusu hasa wasiopenda mazoezi. Watu zaidi ya 25,000 wa Uingereza, ambao walisema wenyewe kwamba hawafanyi mazoezi wala michezo, walivaa mkononi kifaa cha kupima mijongeo, kisha wakafuatiliwa kwa karibu miaka saba. Wale ambao siku yao ilikuwa na vipindi vitatu hivi vya dakika moja au mbili vya kujituma kwa nguvu, kama kuwahi basi, kupanda ngazi haraka au kubeba mzigo mlimani, walikuwa na uwezekano wa kufa katika kipindi hicho mdogo kwa asilimia 38 hadi 40 kuliko wasiokuwa navyo kabisa. Utafiti wa namna hii hauwezi peke yake kuthibitisha kwamba ngazi ndizo zilizowaokoa. Lakini unakubaliana na yale yaliyoonekana kwa makondakta wa London, na anayeutumia hapotezi chochote.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, basi, mahali pa kuanzia ni pale alipo. Anaweza kushuka kituo kimoja kabla ya chake na kumalizia kwa miguu. Anaweza kupanda ngazi kwenye maghorofa ya Kariakoo badala ya kusubiri lifti. Dumu la lita tano likijaa maji lina kilo tano, na ukiwa na mawili, moja kila mkono, umepata vyuma vya kunyanyua bila kulipa. Kamba ya katani ya kurukia hutoka dukani kwa hela ndogo. Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, lina urefu unaozidi kilomita moja kidogo na njia ya waendao kwa miguu, upepo wa bahari ni wa bure, na anayekwenda na kurudi ameshatembea kilomita mbili.

Wazaramo, wenyeji wa Dar es Salaam, waliyajua haya bila kifaa cha mkononi. Mdundiko ni ngoma isiyokaa mahali pamoja. Wapigaji hutangulia, umati hufuata nyuma, kutoka uchochoroni hadi barabara kubwa, na kila nyumba inayopitwa huongeza watu. Mtoto aliyetumwa chumvi hujikuta mtaa wa nne kutoka kwao, chumvi hajanunua, na mama yake anamtafuta. Shangazi mwenye magoti mabovu, anayelalamika akitumwa sokoni, hufuata mdundiko saa nzima akikata kiuno na wala hasemi amechoka. Singeli iliyozaliwa kwenye vitongoji vya jiji hilihili inawafanyia vijana kazi hiyohiyo, kwa kasi zaidi.

Tatizo linakuja pale mtu anapoachiwa ahangaike peke yake. Anayeshuka kituo kimoja kabla hukuta barabara haina njia ya miguu, au njia ipo lakini imejaa meza za biashara na bodaboda zilizopaki. Mwanamke anayetaka kutembea saa kumi na moja alfajiri anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Watoto wanaotaka kucheza rede wanakuta kiwanja kimezungushiwa mabati, na hakuna anayejua vizuri nani aliruhusu. Mapenzi ya mtu mmoja hayafungui kiwanja. Watu mia wa mtaa mmoja wanaweza.

Miji mingine imeshaonyesha njia. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, ulianza mwaka 1974 kuyafungia magari baadhi ya barabara zake, na leo kila Jumapili na sikukuu, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane mchana, zaidi ya kilomita 120 za lami huwa za waendao kwa miguu, baiskeli na viatu vya magurudumu. Jirani zaidi, Kigali ilianza mwezi Mei 2016 kuwa na siku isiyo na magari, mwanzoni mara moja kwa mwezi na baadaye mara mbili. Watu hutoka asubuhi, wanatembea au kukimbia katikati ya barabara, na wahudumu wa afya huwapima presha na sukari hapohapo. Zanzibar nako vikundi vya mazoezi hukutana kila tarehe 1 Januari, wazee na vijana, kila kikundi na sare yake, wakiufungua mwaka kwa kutembea na kunyoosha viungo. Watu wa Kigali na Unguja hawakuzaliwa wakipenda mazoezi kuliko watu wa Tandika. Wamepewa siku, wamepewa mahali, na wamekuta wenzao wameshatoka.

Tanzania haina haja ya kutunga siku mpya. Tayari ina mbili. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni ya usafi, na Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa ya mazoezi. Ya usafi inafahamika, kwa sababu maduka hufungwa na viongozi wa mitaa huzunguka. Ya mazoezi imebaki kwa vikundi vya jogingi na watumishi wa ofisi wenye fulana zinazofanana. Mama lishe, fundi cherehani, dereva wa bajaji na mstaafu hawajaiona kuwa ni yao.

Wito ni kwamba kila mtaa uziunganishe siku hizi mbili kwa kiwanja kimoja. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, sehemu ya nguvu ya usafi ielekezwe kwenye eneo la wazi lililo karibu: nyasi zifyekwe, chupa zilizovunjika ziokotwe, mashimo yafukiwe, mtaro uzibuliwe. Kufyeka na kuchimba kunahesabika kuwa mazoezi kamili, na asiyependa kukimbia anaweza kutimiza wiki yake kwa jembe. Wiki mbili baadaye, Jumamosi ya pili ya mwezi, kiwanja hichohicho kichezewe.

Kichezewe nini, waamue wenyewe. Kina mama wakitaka rede, wachore mistari kwa majivu. Wazee wakitaka kutembea taratibu wakizunguka pembeni huku wakizungumza, hayo ni mazoezi tosha. Mwenye spika alete spika, mwenye ngoma alete ngoma. Wanawake ndio wachague saa, kwa kuwa wao ndio wenye shughuli nyingi nyumbani na wao ndio giza linawahusu. Pasiwe na kiingilio, pasiwe na sare, na asiwepo wa kupuliza filimbi na kuwatoa watu mstarini. Mhudumu wa zahanati ya kata aombwe aje na kipimo cha presha. Wenye presha, kisukari au maumivu ya kifua wazungumze naye kwanza, kisha waanze kidogo kidogo.

Kazi ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa na wajumbe wake ni kuliweka jambo hili kwenye ajenda ya mkutano wa mtaa, na kuomba halmashauri iwaonyeshe kwenye ramani ya mipangomiji ni maeneo gani yametengwa kuwa ya wazi. Wananchi wengi hawajawahi kuiona ramani hiyo, na kiwanja kisichojulikana ni rahisi kuchukuliwa. Kinachochezewa na watu 200 kila mwezi kina mashahidi 200.

Walimu wakuu nao wanaombwa mambo mawili yasiyohitaji bajeti: wafungue viwanja vya shule kwa jirani baada ya masomo, na waache kuwarusha watoto kichurachura kama adhabu. Mtoto aliyechelewa apewe adhabu nyingine. Mbio zibaki za mchakamchaka, za riadha na za mapumziko.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, anayetoka na fyekeo amgongee mlango jirani aliyelala, waende wote. Soksi zilizotoboka zisitupwe siku hiyo. Zitatakiwa baada ya wiki mbili.