Futa Ile Picha



Ndugu yangu, dada yangu, kabla hujasoma zaidi fungua simu yako, ingia kwenye picha, rudi nyuma pole pole. Kuna moja humo ya maiti. Labda ni ya ajali barabara ya Thika. Labda ni ya mtu aliyeopolewa mtoni, ama kijana aliyepigwa risasi akaachwa kando ya njia. Labda hukuipiga wewe, ulitumiwa tu. Lakini imo, na wewe pia ulimtumia mwingine. Usinikatalie haraka, maana mimi mwenyewe nilikaa na yangu miaka mingi.

Yangu niliipiga Jumamosi tarehe 4 Aprili 2015. Nilikuwa bado sekondari. Siku mbili kabla, Alhamisi alfajiri, watu wenye bunduki waliingia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi, wengi wao Wakristo walioulizwa dini yao kwanza ndipo wakapigwa risasi. Mji ulikuwa umekufa ganzi. Miili ya wanafunzi ilikuwa imesafirishwa Nairobi, wazazi wako Chiromo wanatafuta watoto wao kati ya maiti. Halafu Jumamosi hiyo, polisi wakapakia maiti wanne wa wale washambuliaji nyuma ya pikapu, uchi, mmoja juu ya mwingine, wakawatembeza mjini pole pole hadi uwanja wa shule ya msingi. Ilisemwa ni ili wananchi wawatambue. Umati ukafuata mbio, watoto wadogo wakiwemo. Na mimi nikafuata mbio. Nikainua simu juu ya vichwa vya watu, nikapiga, na kabla ya Adhuhuri nilikuwa nishaituma kwa watu kumi na kitu.

Harufu ndiyo ninayoikumbuka kuliko sura. Joto la Garissa mwezi wa nne unalijua.

Najua tayari kuna mtu anaandika chini hapa, "Kwa hivyo unatetea magaidi?" Andika tu, ndugu, lakini soma kwanza. Walichofanya wale wanne ni dhulma isiyo na jina dogo. Waliua watoto wa watu wakiwa wamelala, wengine wakiwa kwenye maombi, na wakalitaja jina la dini yetu wakifanya hivyo. Hesabu yao iko kwa Mola wao na sina neno moja la kuwaombea udhuru. Ninayemzungumzia hapa ni wewe na mimi, tuliobaki juu ya ardhi tukiwa na miguu ya kukimbilia pikapu na simu za kupigia picha. Maiti haongezewi adhabu na kuvuliwa nguo. Hajui. Anayefundishwa kitu pale ni yule mtoto wa miaka saba aliyebebwa mabegani mwa kaka yake ili aone vizuri.

Na hiyo habari ya kuwatambua tusidanganyane. Maiti hutambuliwa mochari. Anafunikwa shuka, unafunuliwa uso, unaitwa mmoja mmoja, unaulizwa, unajibu, unatoka. Hakuna utambuzi unaohitaji pikapu iendeshwe mwendo wa kinyonga katikati ya mji.

Tumefundishwa nini sisi? Madrasa tulienda wote, hata tuliokuwa tunatoroka. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipitiwa na jeneza akasimama. Akaambiwa huyo ni Myahudi. Jibu lake, kwa ufupi, likawa kwamba huyo naye ni nafsi. Vita vya Uhud, mwili wa ami yake Hamza ulikatwakatwa, na pamoja na uchungu ule wote sharia iliyobaki kwetu ni kwamba kuharibu maiti ya adui ni haramu. Tumekatazwa kuvunja mfupa wa maiti kama tulivyokatazwa kuvunja wa aliye hai. Tumekatazwa kuwatukana waliokufa, kwa sababu wameshafika kwa yale waliyoyatanguliza. Hakuna mahali nimeona masharti kwamba heshima hii ni ya maiti unaowapenda pekee.

Hapa wengine huchanganya mambo mawili. Sala ni kitu kimoja, udongo ni kingine. Imamu ana nafasi ya kukataa kumsalia mtu ili kuwaonya walio hai. Mtume mwenyewe hakumsalia aliyejiua. Baada ya shambulio la London Bridge mwezi Juni 2017, maimamu na viongozi wa Kiislamu zaidi ya 130 Uingereza walitangaza hawatawasalia washambuliaji. Unaweza kukubaliana nao ama usikubaliane, lakini walikuwa wanazungumzia sala, si kumnyima binadamu shimo.

Marekani mwaka 2013 ndiko ilifika mpaka shimo lenyewe. Mmoja wa ndugu wawili waliolipua mbio za Boston aliuawa, na makaburi yakamkataa, moja baada ya jingine. Watu walisimama na mabango nje ya nyumba ya mazishi wakidai mwili upelekwe mbali. Mwishowe mwanamke Mkristo wa jimbo la Virginia akaona hii ni aibu, akapiga simu huku na huku, na kaburi likapatikana kwenye makaburi ya Waislamu huko huko Virginia. Hakumpenda yule kijana. Aliona tu kwamba mji unaogombana na maiti umepotea njia.

Mwanamke mwingine yuko karibu na sisi zaidi, na najiuliza wangapi kati yenu mnamjua.

Tarehe 10 Februari 1984 wanaume wa jamii ya Degodia walianza kukusanywa Wajir na kupelekwa uwanja wa ndege wa Wagalla. Walivuliwa nguo. Walilazwa chini juani, siku baada ya siku, bila maji, wakipigwa, na wengi wakauawa kwa risasi. Maiti zikaenda kutupwa msituni. Serikali ilisema kwanza ni watu 57. Mwaka 2000 ikakubali 380. Walionusurika wanataja maelfu. Annalena Tonelli, Mtaliano aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu pale Wajir, alitoka na gari kutafuta majeruhi na kukusanya maiti ili wazikwe. Hakuwa Muislamu, hakuwa Msomali, na kazi ile ilikuwa hatari kwake. Baadaye alifukuzwa Kenya, na mwaka 2003 akauawa Borama, Somaliland, akiwa bado na wagonjwa wake. Baba zetu walioachwa fisi wawale, kuna waliopata kaburi kwa sababu yake.

Sasa weka hizo siku mbili pamoja, Wagalla na ile Jumamosi ya 2015. Sisemi waliolala Wagalla ni sawa na wale wanne, hasha, wale walikuwa watu waliodhulumiwa na hawa walikuwa madhalimu. Ninachosema ni kwamba mkono unaovua nguo ni ule ule. Serikali iliyoona sawa kuwalaza wazee wetu uchi juani ndiyo iliyoona sawa kupakia maiti uchi kwenye pikapu. Tofauti ni kwamba mara ya pili sisi tulishangilia. Tulipochagua ni maiti gani anastahili shuka, tuliiachia serikali ile hoja yake ya zamani, kwamba wapo watu ambao miili yao si kitu. Kwa sababu ukiuliza waliotoa amri 1984, unadhani watakwambia waliua wasio na hatia? Watakwambia walikuwa mashifta. Kila maiti aliyetupwa nchi hii alipewa jina baya kwanza.

Ndiyo maana hii kesi haiwezi kushinda kwa nusu. Katiba ya 2010, kifungu cha 28, inasema kila mtu ana heshima ya utu wake. Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa mkoloni inafanya kuwa kosa kuingia makaburini ama kudhalilisha maiti kwa nia ya kuumiza hisia za watu. Mikataba ya Geneva ya 1949 inataka hata adui aliyekufa vitani azikwe kwa heshima na kaburi lake liwekwe alama. Tunazitumia karatasi hizi tukidai haki ya familia za Wagalla, na za Bulla Kartasi hapa hapa mjini, Novemba 1980, ambako mpaka leo kuna familia zisizojua mtu wao alilala wapi. Tutazitumiaje kwa mdomo ule ule uliosema "wacha waoze"?

Haya, tuseme serikali ni kubwa na hatuiwezi leo. Simu je?

Mtaani kwetu kuna mama ambaye mwanawe alikufa ajali ya pikipiki usiku. Simtaji, na wewe ukimjua usimtaje. Kabla mzee wa familia hajafika nyumbani kumketisha na kumwambia taratibu, binti yake wa darasa la sita alikuwa ameshaona kwa grupu la WhatsApp la mtaa. Kichwa, damu, na chini yake "innaa lillaahi" na vikatuni vya kulia. Aliyepiga ile picha ni mtu wa swafu ya kwanza msikitini, na moyoni alijua anafanya wema, anaarifu watu. Yule binti mpaka leo hashiki simu ya mama yake.

Mwili wa ndugu yako ni aura. Ndiyo maana anayeosha maiti huosha huku mwili umefunikwa kitambaa, na akiona aibu yoyote hunyamaza nayo. Sasa tumefanya stetasi. Watu wanapiga video mpaka mwanandani unapofunikwa, na kijana anasimama ukingoni mwa kaburi amegeuza simu ili na yeye aonekane. Wakati wa kutia udongo mikono inakosekana, kila mtu ameshika simu. Wallahi nimeona baba wa marehemu akiomba kwa upole, "Wanangu, nisaidieni kuzika kwanza."

Na makaburi yenyewe? Pita asubuhi yoyote uone. Mbuzi wameingia kwa sababu miiba ya ua imechukuliwa kuni. Karatasi za plastiki zimenasa kwenye kila kichaka. Bodaboda wamekata njia katikati, tairi zinapita juu ya makaburi ya watoto kwa sababu ni madogo na hayaonekani kwenye mchanga. Jioni kuna vijana wanatafuna miraa wamekaa juu ya kaburi kama ni benchi ya kinyozi, wakati tumeambiwa kukalia kaa la moto likaunguza nguo mpaka ngozi ni afadhali kuliko kukalia kaburi.

Ukiwasemesha, kuna ambao watakujibu kwa elimu. "Sheikh, kujengea makaburi imekatazwa, haya mambo ya kuyapamba ni ya wengine." Sawa kabisa, kupaka chokaa na kujengea kumekatazwa. Lakini katazo la kukalia kaburi lipo ndani ya mafundisho yale yale. Wewe umechukua lile lisilokugharimu kitu ukaacha lile linalokutaka uinue mgongo. Hakuna aliyekuomba marumaru. Mzee wa baadiya asiye na kitu akizika mtu wake huweka mawe, huzungushia miiba fisi asifukue, na akipita pale baada ya mwaka hutoa salamu kwa wakazi wa makaburi. Yule hajengi chochote, na anaheshimu kuliko sisi wenye video.

Picha yangu niliifuta mwaka uliofuata, si kwa sababu ya mawaidha. Nilikutana Nairobi na kijana aliyepoteza dada yake pale chuoni. Tulikaa meza moja kwenye mafunzo ya siku tatu, akajua natoka Garissa. Akaniuliza kama nina picha za siku zile. Nilidhani anataka kuwaona wale wanne, nikatoa simu haraka, nikiona ni kama nampa zawadi. Akaitazama kidogo akanirudishia. Alikuwa anauliza picha za chuo, mlango wa hosteli, miti, mahali dada yake alikuwa anapita. Hizo sikuwa nazo. Kwa mji wangu wote, siku zile zote, nilikuwa nimehifadhi kitu kimoja tu.

Basi futa yako leo. Na ukitumiwa nyingine, usiipitishe, mjibu aliyekutumia, tena kwa jina lake, "Futa, huyu ana mama." Atanuna. Mwache anune.

Jumamosi hii baada ya Swala ya Alfajiri, kabla jua halijakasirika, tunakutana langoni mwa makaburi. Lete reki ama jembe, panga la kukatia miiba na gunia la takataka. Mwenye mkokoteni wa punda atupigie kelele hapa chini. Waendesha bodaboda, nyinyi hasa tunawataka, tutaziba ile njia pamoja na kuwatengea nyingine kando ya ua. Dada zetu wana kazi nyingine siku hiyo hiyo: kupita kwa kina mama na kina bibi waliopoteza watu 1980 na 1984, kuandika majina, la mtu, la babake, la babu yake, na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Kalamu na madaftari yapo. Simu zitabaki kwenye kikapu pale langoni, kuna mzee atazilinda. Maji ya kunywa tutaleta sisi.