Wazazi, msiishie mlangoni

Wazazi wengi hudhani ya kuwa maktaba ni nyumba ya wanafunzi tu. Baba humsindikiza mtoto hadi mlangoni, kisha hurudi zake. Na mama asiyejua kusoma huona haya hata kukaribia. Sisi twasema: ingieni pamoja na watoto wenu.

Tazameni kalenda. Tarehe 23 Aprili ni Siku ya Vitabu Duniani, iliyowekwa na UNESCO mwaka 1995. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili, lugha yetu, iliyotangazwa mwaka 2021. Tarehe 8 Septemba ni Siku ya Kusoma na Kuandika, inayoadhimishwa tangu mwaka 1967. Siku kama hizo maktaba nyingi husimulia watoto hadithi, husoma vitabu kwa sauti, tena huwaita watu wazima kwenye mazungumzo. Ulizeni mapema katika maktaba iliyo karibu nanyi: ni saa ngapi, na ni ya akina nani?

Asiyejua herufi asiogope. Tamko la UNESCO juu ya maktaba za umma, lililotolewa kwanza mwaka 1949 na kutengenezwa upya mwaka 2022, lasema kwamba maktaba ni ya watu wote, bila kubagua umri wala hali. Masikio hayahitaji cheti.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Akimwona mama yake anakwepa vitabu, naye ataviacha siku atakapoacha shule. Akimwona ameketi karibu naye akisikiliza, hatasahau.