Sungura Akikojoa Zuliani, Asihukumiwe Haraka

Mtu amempokea sungura, amemwekea sanduku la choo pembeni mwa sebule, na bado mkojo unaonekana kwenye zulia, juu ya kochi, hata kitandani. Wiki ya pili haijaisha, hukumu imeshatoka: mnyama huyu ni mchafu, hafundishiki, arudishwe alikotoka au atupwe bandani nyuma ya nyumba. Naipinga hukumu hiyo kwa sababu inakwenda kinyume na tunachokijua juu ya mnyama mwenyewe. Sungura ni miongoni mwa wanyama wachache wa kufugwa ambao kwa asili huchagua mahali pa kujisaidia. Akianza kujisaidia ovyo, mara nyingi sana kuna sababu inayoweza kupatikana, iwe mwilini mwake, iwe katika hofu yake, au katika namna tulivyomtengenezea hicho choo.

Sungura wa kufugwa hatokani na yule wa porini kwetu, wa kwenye hadithi, anayelala juu ya ardhi na kutegemea mbio. Ukoo wake ni wa Hispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa, na huko huishi kwa makundi ndani ya mashimo. Wanaoishi pamoja hurundika kinyesi mahali maalumu, na harufu ya marundo hayo huwajulisha wengine kwamba eneo lina wenyewe. Desturi hiyo haijafutwa na kufugwa. Mfugaji wa sungura wa nyama anayekagua vizimba asubuhi hukuta kona moja imelowa kuliko nyingine, na hakuna aliyemfundisha sungura kufanya hivyo. Kwa hiyo sungura aliyehamia nyumba mpya anakuja na silika ya choo tayari. Ambacho hajui bado ni mipaka ya makazi yake mapya, na mipaka kwake huwekwa kwa harufu.

Ndiyo maana inafaa kukitazama alichokiacha kabla ya kukifuta. Punje kavu za mviringo zilizotapakaa sakafuni siku za mwanzo ni alama za mipaka. Zifagiliwe na kurudishwa ndani ya sanduku, na kwa kawaida hupungua akishatulia. Dimbwi la mkojo linalojirudia kona ileile lina maana nyingine kabisa: sungura ameshachagua, na njia nyepesi ni sanduku limfuate huko. Mkojo uliorushwa ukutani, au dume linalozunguka miguu ya mtu huku likimrushia mkojo, aghalabu ni kazi ya homoni. Sungura wengi hubalehe wakiwa na miezi minne hadi sita, na kitoto kilichokuwa kisafi kinaweza kubadilika ghafla. Kumhasi dume au kumtoa jike kizazi hupunguza sana tabia hiyo, ingawa homoni huchukua wiki kadhaa kuisha mwilini. Na kama mkojo unadondoka bila yeye kutaka, manyoya ya nyuma yamelowa, au anajikunja kwa maumivu anapokojoa, hapo suala la tabia halipo tena. Kibofu, figo, neva, na kwa sungura mzee viungo vinavyouma kiasi cha kushindwa kuruka ukingo wa sanduku, vyote vinahitaji daktari wa mifugo. Mkojo wa rangi ya chungwa au mwekundu peke yake usimtie mtu hofu mara moja, kwani baadhi ya majani huupa rangi hiyo. Ukiwa mzito kama uji wa chokaa, aonwe na daktari.

Sanduku lenyewe mara nyingi ndilo lenye kasoro. Sungura hula na kujisaidia kwa wakati mmoja, kwa hiyo sanduku lisilo na nyasi kavu karibu linakwenda kinyume na mwili wake. Nyasi ziwekwe upande mmoja ndani, au zining'inizwe juu yake, na sanduku liwe pana kiasi cha yeye kujigeuza na kujinyoosha. Chini patandikwe karatasi au nyasi. Maranda ya mipaini au mierezi ambayo hayajakaushwa kwa joto kali hayafai, na mchanga wa paka unaogandamana ni hatari, kwa sababu sungura huutafuna na unaweza kumzibia tumbo. Kuna kosa jingine linalofanywa na watu wasafi kabisa, nalo ni kuliosha sanduku kila siku mpaka harufu yote iishe. Sungura anaporudi hakitambui choo chake. Yaachwe matandiko kidogo yenye harufu, na siki nyeupe itumike pale penye mkojo nje ya sanduku. Katika wiki za mwanzo asipewe nyumba nzima. Aanze na chumba kimoja au sehemu iliyozungushiwa uzio, aongezewe nafasi kadiri anavyokizoea choo.

Wapo watakaosema kwamba mnyama hujifunza akikemewa. Kwa sungura hoja hiyo haisimami. Huyu ni mnyama anayewindwa na karibu kila mla nyama, na akipigwa au kuchovywa pua kwenye mkojo hahusishi adhabu na zulia. Anaihusisha na mkono uliompiga, na mnyama mwenye hofu huzidi kujisaidia ovyo. Wengine watasema mahali pake ni bandani. Banda bora, kavu na lenye nafasi, si ukatili hata kidogo, na wapo sungura wanaoishi humo vizuri. Ninachokikataa ni banda kutumika kama kifungo cha mnyama aliyeshindwa kueleweka, kwa sababu kama anaugua kibofu ataendelea kuugua huko, na hakuna atakayeona. Pingamizi zito zaidi ni la gharama. Upasuaji una bei, na madaktari wengi wa mifugo wamezoea ng'ombe, mbuzi na kuku kuliko kumlaza sungura usingizi, kazi inayotaka uzoefu wake. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu liulizwe kabla ya kumchukua sungura. Kwa jike kuna jambo la ziada la kupima: saratani ya kizazi ni ya kawaida mno kwa majike wasiofanyiwa upasuaji, hasa wakishapita umri wa miaka minne. Asiyemudu upasuaji bado anaweza kupunguza tatizo kwa kulipanga sanduku vizuri, lakini akubali kwamba alama za hapa na pale hazitaisha. Hata sungura aliyezoea sanduku huangusha punje chache njiani, na mtu asiyeweza kuvumilia hilo afadhali asimchukue.

Wajibu mwingine uko kwa anayemtoa. Anapokabidhi sungura aseme umri wake, kama amehasiwa na lini, alikuwa akijisaidia juu ya nini, na anakula nini. Ampe mpokeaji na kifuko cha matandiko yaliyolowa na punje chache za kinyesi cha sungura huyohuyo, viwekwe ndani ya sanduku jipya kabla hajafunguliwa mlango wa kizimba.