Mawe Ameyasoma, Amebakiza Nini?

Juma lililopita nilipokea barua ya mama mmoja wa Mpanda, mkoani Katavi. Kwa kuwa jambo analouliza huenda limekwisha bisha hodi mlangoni kwako pia, nimeona vema tulizungumze hapa, jina lake likibaki kwangu. Mumewe ni mjiolojia mwenye shahada ya kwanza na utumishi wa miaka 12. Sasa ana umri wa miaka 38 na watoto watatu, na anataka kurudi chuoni kutafuta shahada ya uzamili katika jiolojia ya uchumi. Mama huyo ana duka dogo la vitenge, na anajua kwamba duka hilo ndilo litakalobeba nyumba mwenzake akiwa hayupo. Anauliza: mawe ameyasoma miaka yote ile, amebakiza nini?

Swali hili halina ubishi ndani yake, nalo lastahili jibu lililonyooka.

Shahada ya kwanza humfundisha mtu kulitambua jiwe, kujua lilivyozaliwa, na kuchora ramani ya miamba. Jiolojia ya uchumi huanza pale jiwe linapokwisha tambuliwa. Huuliza: lipo kiasi gani, limekaaje chini ya ardhi, litatolewa kwa gharama gani, na je, likifika sokoni litairudisha gharama hiyo? Mwamba wenye dhahabu na mgodi wa dhahabu ni vitu viwili mbalimbali, na katikati yao pana shimo ambalo mali za watu wengi zimetumbukia.

Tuchukue hesabu ndogo, ya aina ambayo wachimbaji wadogo wa Dirifu, Ibindi au Magamba wangeielewa mara moja. Tuseme mwamba una unene wa mita 1, urefu wa mita 200, na umeshuka chini mita 50. Hizo ni mita za ujazo 10,000. Mita moja ya ujazo ya mwamba wa namna hiyo huwa na uzito wa kama tani 2.6, basi hapo pana tani 26,000. Ikiwa kila tani ina gramu 4 za dhahabu, chini kuna kilo 104. Habari njema! Lakini hizo gramu 4 zimetoka wapi? Zimetoka katika vipande vichache vilivyopelekwa maabara, na dhahabu haikai mwambani kama chumvi iliyoyeyuka katika mchuzi. Hapa pana punje, hatua mbili mbele ni patupu. Kipande kimoja chenye punje kikiingia katika hesabu huupandisha mwamba mzima. Ikiwa ukweli wenyewe ni gramu 1, basi zimo kilo 26 tu, na gharama ya kuchimba, kusaga na kuosha haikupungua hata senti. Mtu aliyekwisha uza ng'ombe na shamba kwa kutegemea zile kilo 104 hana wa kumlilia.

Ni sampuli ngapi zinatosha? Zichukuliwe kwa mpangilio gani? Punje moja kubwa ipewe uzito gani? Maswali haya yana hesabu zake, nazo ni nzito, na mtu hawezi kujifundisha barabara jioni akitoka porini na vumbi lake. Hapo ndipo alipobakiza mumeo, dada yangu.

Wenyeji wa Mpanda hawahitaji mfano wa mbali. Mbale ya risasi, iliyochanganyika na shaba, fedha na dhahabu, iligunduliwa huko katika miaka ya 1930. Kwa ajili yake ilijengwa reli kutoka Kaliua, kilometa 210, ikafika Mpanda mwaka 1950. Kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba katika mgodi wa Mukwamba mpaka mwaka 1960, kisha mgodi ukafungwa. Reli ikabaki, mji ukabaki. Idara ya Jiolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1974, yaani miaka 14 baadaye. Hesabu iliyoamua uhai wa mji huo ilipigwa na wageni, na mwananchi hakuwa na kalamu mkononi ya kuihakiki. Rai ya Mwalimu Nyerere kwamba madini hayaozi, yasubiri mpaka wananchi wenyewe wapate ujuzi, inafahamika kwa wengi. Lakini ujuzi hauji kwa kusubiri, sharti mtu fulani, kutoka nyumba fulani, aondoke kwenda kuutafuta. Safari hii nyumba yenyewe ni yako, na sidhani kwamba wazo hilo peke yake litakufariji.

Wapo watakaosema kwamba vyeti havichimbi. Ni kweli. Hata hivyo, John Williamson, Mkanada aliyegundua almasi ya Mwadui mwaka 1940, alikuwa na shahada ya udaktari wa jiolojia ya Chuo Kikuu cha McGill.

Sasa nyumba yenu. Kwa kawaida masomo ya uzamili huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili: kwanza darasani, kisha utafiti na kuandika tasnifu. Sehemu ya kwanza ndiyo itakayokuuma, maana Dar es Salaam si jirani na Mpanda. Vyuo vingine duniani vimewafikiria watu wa namna ya mumeo. Chuo Kikuu cha Rhodes huko Afrika ya Kusini na kile cha Tasmania huko Australia vimekuwa vikifundisha jiolojia ya uchumi kwa vipindi vifupi, ili mjiolojia asome, arudi kazini, kisha aende tena. Laiti mpango wa namna hiyo ungestawi kwetu, mume angeondoka kwa majuma badala ya misimu. Mimi nauona kuwa ni bora kwa mfanyakazi yeyote mwenye familia, wala si mjiolojia tu.

Sehemu ya pili mnaweza kuitengeneza ninyi wenyewe. Mwambie achague mada ya utafiti huko huko Katavi. Miamba ya Ubendi, yenye umri wa kama miaka milioni 2,000, inapita nyumbani kwenu, na maswali yake hayajakwisha: mishipa ya dhahabu ya wachimbaji wadogo, marudio wanayoyaosha tena, zebaki inayoachwa mitoni. Akifanya hivyo atalala kwake kwa miezi kadhaa ya utafiti, na watoto watamwona.

Kabla hajaondoka, apate ruhusa ya mwajiri kwa maandishi, ikieleza kama mshahara utaendelea na kama nafasi yake itamngoja. Maneno ya mdomoni ya mkubwa wa kazi hayatoshi, kwa sababu wakubwa huhamishwa. Namfahamu mtu aliyerudi na shahada yake akakuta meza ina mwingine, na aliyemwahidi yuko mkoa wa pili. Ada isitoke katika mtaji wa duka. Hapa nasema kwa ukali, kwani nimeona waume wema kabisa wakikopa humo kidogo kidogo mpaka rafu zikabaki tupu. Kama ufadhili haujapatikana, angoje mwaka mmoja na aendelee kuomba. Miaka 38 si uzee wa kusoma.

Wakati akingoja asikae bure. Makao ya Taasisi ya Jiolojia yako Dodoma, na kazi ya uchunguzi wa miamba ya nchi hii ilianza kuandikwa tangu mwaka 1925. Akipata likizo, apande treni hiyo hiyo iliyoletwa na risasi, ateremke Dodoma, na aombe kuonyeshwa taarifa za zamani za Mpanda. Akirudi, akueleze aliyoyaona humo, nawe umwonyeshe daftari la duka, mpange mwaka ujao mkiwa mmekaa meza moja.