ADUI ASIYENGOJA ASUBUHI



Tulipopata Uhuru mwaka 1961 tulitangaza vita juu ya maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Katika kifafa cha mimba wote watatu humwendea mama mmoja kwa pamoja.

Mimba ikipita wiki 20 presha yaweza kupanda. Ikifika 160 kwa 110, hatari ni kubwa. Kichwa humgonga, macho huona kiwi, chembe cha moyo humuuma. Ujinga husema ni mashetani. Umaskini husema nauli hakuna. Maradhi nayo hushika figo, ini na ubongo, na mtoto hukosa chakula tumboni, akazaliwa njiti au mfu.

Dawa ipo. Utafiti wa mwaka 2002 katika nchi 33 ulionyesha kuwa sindano ya magnesiamu hupunguza hatari ya degedege kwa nusu. Lakini tiba yenyewe ni kuzalishwa kwa wakati, hospitalini.

Hapa Mbesa hospitali ipo. Basi kila tawi liweke tayari pikipiki na fedha ya mafuta. Kila mjamzito apimwe presha na mkojo. Dalili zikitokea usiku, aondoke usiku huo huo, mjomba asingojewe.